Siku moja Mji Mkongwe na mama anayetaka kuona taarab

*"Shikamoo mtaalamu. Nataka kumpeleka mama yangu Unguja Jumamosi moja, tukitokea Dar es Salaam. Ana miaka 66, ana kisukari na magoti yanamsumbua. Tutakuwa na binti yangu wa miaka tisa. Mama amekua na taarab ya redioni lakini hajawahi kuiona ikipigwa mbele yake. Nimepanga tupande boti ya asubuhi, tutembee Mji Mkongwe, tule Forodhani, tusikilize taarab, halafu turudi usiku huohuo ili kubana matumizi. Ila kila ninayemuuliza ananivunja moyo. Mmoja anasema vyakula vya Forodhani vinaharisha. Mwingine anasema taarab ya kweli ilizikwa na Bi Kidude, iliyobaki ni ya kuwafurahisha wazungu hotelini. Je, inawezekana, au naota?"*

Marahaba, ndugu yangu. Huoti, ila ratiba yako imeanzia pasipo. Umeanza na boti, ukaja na matembezi, ukaja na chakula, taarab ukaiweka mkiani, na hali ndiyo inayomtoa mama nyumbani. Tuanze na taarab, mengine yatajipanga nyuma yake.

Kwanza suala la kurudi usiku huohuo. Boti za kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja huchukua kama saa mbili, na za mwisho kurudi huondoka alasiri, jua bado liko juu. Taarab huanza baada ya sala ya Isha, na mara nyingi baada yake sana. Hapo pana pengo ambalo huwezi kuliruka. Wapo watakaokuapia kuwa walikwenda wakarudi siku moja na taarab wakaisikia. Walichosikia ni mpiga udi mmoja aliyewekwa pembeni ya meza za chakula cha mchana. Si kitu kibaya, lakini sicho alichokisikia mama yako redioni miaka yote hiyo. Kwa hiyo laleni usiku mmoja. Tafuta nyumba ya wageni ya kawaida upande wa Malindi au Mkunazini badala ya hoteli za ufukweni, na kabla ya kulipia uliza kama wana chumba cha chini. Majumba ya Mji Mkongwe yana ngazi nyembamba zilizosimama wima, na picha za mtandaoni hazikuoneshi ngazi.

Sasa hii habari kwamba taarab imekufa. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, na pengo lake lipo kweli. Lakini taarab ya Unguja haikuwa ya mtu mmoja hata siku moja. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905 na ipo mpaka leo. Culture Musical Club, ambayo wengi huijua kwa jina la Mila na Utamaduni, ilianza 1958 na ipo. Chuo cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa 2002, kinafundisha vijana kupiga udi, kanuni na fidla, na baadhi ya waliopita pale sasa wanapiga kwenye vikundi hivyohivyo vya wazee. Kabla ya Bi Kidude alikuwepo Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi wa Fumba, aliyesafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Akafariki 1950, na watu wa wakati ule bila shaka walisema taarab imekwisha.

Kinachowachanganya watu ni kwamba jina moja linabeba vitu viwili. Ipo taarab asilia: kundi kubwa la ala, fidla kadhaa, udi, kanuni, nai, akodioni, dumbaki na rika, na waitikiaji nyuma. Na ipo taarab ya kisasa, rusha roho, iliyopamba moto miaka ya 1990: kinanda cha umeme, gitaa, spika kubwa, na mafumbo yaliyovuliwa nguo. Mimi sina ugomvi na rusha roho, nimeicheza harusini mpaka miguu ikauma. Lakini ukimwambia dereva wa teksi "nipeleke kwenye taarab" bila kufafanua, huenda ukamfikisha mama yako kwenye ukumbi ambao hatausikia hata moyo wake mwenyewe. Sema taarab asilia.

Na kwa nini haipatikani kila siku kama sinema? Kwa sababu vikundi hivi ni vya wanachama, na wengi wana kazi zao. Huyu mwalimu wa skuli, huyu karani, huyu fundi seremala. Wanakutana usiku kufanya mazoezi, wanapiga kwenye harusi wanapoalikwa, na wakati wa Iddi ndiyo hasa huwaka. Mwezi wa Ramadhani kunakuwa kimya, kwa hiyo usipange safari hii mwezi huo. Hata kula hadharani mchana hutaweza. Ndiyo maana nakwambia usikate tiketi ya boti kwanza. Wasiliana na vikundi na DCMA, uliza wiki gani kuna mazoezi au onesho, kisha ndipo uchague Jumamosi yako. Na ikiwa usiku wao si Jumamosi, basi safari yako si ya Jumamosi.

Hebu nikupimie njia zenyewe kwa ukweli. Ya kwanza ni chakula cha jioni kwenye paa la hoteli, taarab ikipigwa pembeni. Wapigaji mara nyingi ni wanachama halisi wa vikundi, usidhani ni maigizo. Upepo mzuri, mnakaa kwenye mito. Ila bei ni kali, na paa la Mji Mkongwe maana yake ni ghorofa tatu au nne kwa miguu, na kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda. Njia ya pili ni onesho la DCMA: fupi, limepangwa, linaanza mapema zaidi, na mtoto hatalala. Ya tatu, ambayo ningemchagulia mama yako, ni mazoezi ya kikundi. Unaomba ruhusa mapema, mnafika, mnapewa viti vya plastiki ukutani, na mwisho mnaacha mchango. Wimbo utasimamishwa katikati kwa sababu fidla ya pili imekosea, utarudiwa, watataniana. Asiyeijua taarab atachoka. Anayeijua ataona inavyofumwa. Harusi ndiyo kilele, lakini hiyo haiombwi, ukialikwa nenda. Kuna pia tamasha la Sauti za Busara kila Februari, tangu 2004, lenye makao yake Ngome Kongwe. Lina muziki wa Afrika nzima na umati wa kusimama, na kwa magoti ya mama mimi singelichagua.

Mkikaa pale, mwoneshe binti yako mpiga kanuni. Ala imelala mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na mpigaji amevaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, kila pete imebana kijiti cha kudonolea. Kabla ya kuanza atazikaza nyuzi kwa muda mrefu, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu na ala hailali vile ulivyoiacha jana. Msikasirike kwa kuchelewa huko. Kisha hupigwa bashraf, kipande cha ala tupu bila mwimbaji. Wageni wengi huzungumza wakati huo wakidhani ni majaribio ya vyombo. Mama atakwambia nyamaza.

Halafu kutunza. Mama anaweza kutaka kwenda mbele kumtunza mwimbaji, na ni haki yake. Anyanyuke polepole, noti mkononi, atembee kwa mdundo, ampe, arudi. Haina haja ya noti kubwa. Ila ikiwa ni kwenye shughuli ya watu, aangalie anainukia beti gani. Anayeinuka kwenye beti la mke mwenza au jirani mbea anahesabiwa ana lake, na kichwa cha mtu fulani ukumbini kitageuka. Kwenye mazoezi hakuna taabu hiyo.

Usiku ukishajulikana, mchana unajipanga kwa jua na kwa magoti. Pandeni boti ya asubuhi na mapema. Miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba hasa, bahari hunyanyuka. Kaeni sehemu ya chini katikati au nyuma, mtoto atazame mbali kwenye upeo na si kwenye simu, na dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya boti kuondoka. Ukisubiri mpaka tumbo lianze kugeuka, dawa haitakaa tumboni. Kila mtu mzima awe na kitambulisho mkononi: kinahitajika safarini, na sehemu nyingi kiingilio cha Mtanzania ni chini sana ya cha mgeni.

Mkishuka, mabegi yaacheni nyumba ya wageni, kisha nendeni soko la Darajani. Soko lile jengo lake ni la 1904, na asubuhi ndiyo roho yake: mnada wa samaki, pweza wametandazwa, nguru wamepasuliwa. Sakafu ni ya maji, mshike mama mkono. Kifungua kinywa mle hukohuko jirani, chai na mkate wa ufuta, au supu. Kwa mwenye kisukari supu ya pweza au ya kuku na kipande kimoja cha chapati ni bora kuliko vitumbua vinne na chai ya sukari, japokuwa najua vitumbua vinamwita.

Kutoka Darajani mpaka kanisa la Mkunazini ni dakika chache. Hapa palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, na kanisa likaanza kujengwa mwaka uleule. Askofu Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili, amezikwa ndani. Mtapelekwa kwenye vyumba vya chini vyenye dari fupi na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilisimamishwa baada ya soko kufungwa, na mimi huwaambia wageni hivyo kabla hawajashuka. Uchungu wa mahali pale hauhitaji kupambwa. Mama akae bustanini karibu na mnara wa kumbukumbu wa watu waliofungwa minyororo shingoni, uliochongwa 1998. Binti wa miaka tisa ataelewa zaidi kwa sanamu zile kuliko kwa shimo.

Kisha ingieni vichochoroni na msiogope kupotea. Mitaa ile ni myembamba kwa faida: kuta ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa zinatiliana kivuli karibu siku nzima, na upepo wa bahari unapita katikati. Ukiwa juani Forodhani saa sita unaungua. Ukiwa Kiponda au Hurumzi saa hiyohiyo unatembea. Ndiyo maana asubuhi na mchana ni vya ndani, pwani ni ya jioni. Tazameni milango, kaeni barazani, bila kuona haya, maana baraza ni za kukaliwa. Mama akichoka, kahawa chungu na kashata pale Jaws Corner, wazee wakibishana siasa na mpira. Kahawa anywe, kashata aionje tu.

Beit-el-Ajaib mtaiona kwa nje. Jumba hilo la Sultani Barghash, la 1883, liliporomoka sehemu ya mbele pamoja na mnara tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walipoteza maisha. Akija kijana kukuahidi kukuingiza ndani kwa bei maalumu, mshukuru na uendelee na safari yako. Ngome Kongwe iko jirani na haina ngazi nyingi.

Mchana ni urojo. Wageni huungoja mpaka usiku Forodhani, lakini urojo ni chakula cha mchana na alasiri, na kwenye vibanda vya mitaani ndiko unakopikwa kwa ajili ya watu watakaorudi kesho yake. Ni uji mwepesi wa unga wa ngano, wa manjano kwa bizari, mkali kwa embe mbichi na ndimu. Humo hutiwa mbatata, bhajia, kachori, mishkaki, yai, chatne ya nazi, pilipili, na juu yake chipsi nyembamba za muhogo ambazo lazima uzile kabla hazijalainika. Kwa mama hesabu ni hii: uji ni wanga, mbatata ni wanga, bhajia na muhogo ni wanga. Amwambie muuzaji ampe mchuzi kidogo, mishkaki miwili na yai, mbatata moja. Muuzaji wa urojo amezoea kuambiwa, kila mtu ana bakuli lake. Baada ya Adhuhuri lala. Nasema kwa msisitizo: watu wote watatu, chumbani, mpaka Alasiri. Anayekosa usingizi huu ndiye anayesinzia kwenye bashraf.

Forodhani sasa. Aliyekwambia vyakula vinaharisha hajakosea kabisa, ila ameunganisha vizuri na vibaya. Shida si Forodhani, shida ni muda na joto. Samaki na pweza wengi unaowaona wamepangwa mezani kwa rangi nzuri wamekwisha kupikwa, na moto utakaouona ni wa kupasha tu. Chakula kilichoiva kikikaa saa kadhaa kwenye joto la jioni ya Unguja, vijidudu vinazaliana, na baadhi yao huacha sumu ambayo kupasha hakuiondoi. Jodari ana jambo lake la ziada: akikaa bila barafu tangu avuliwe, nyama yake hutengeneza histamini, na hiyo haifi hata ukimpika upya. Mtu anakula, nusu saa baadaye uso unawaka, kichwa kinagonga, mwili unawasha, anadhani ana mzio wa samaki. Kwa hiyo fika mapema, meza zinapopangwa, usile vya mwisho wa usiku. Chagua kinachoanza kibichi mbele ya macho yako: mishkaki mibichi juu ya makaa, chapati, na ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo si pizza bali ni jamaa ya mantabali, chapati nyembamba inayokunjwa na nyama, yai na vitunguu kisha ikakaangwa kwenye chuma. Samaki mkubwa leni mchana mkahawani. Juisi ya miwa ikamuliwe mbele yenu bila barafu, na hiyo ni ya mtoto. Kwa mama ni sukari tupu. Uliza bei kabla kitu hakijawekwa motoni, uliza kwa kila kitu, na ukitajiwa bei ya kushangaza cheka tu uende meza ya pili.

Mtakuwa pale jua linapozama, muda mfupi baada ya saa 12 jioni, vijana wakipiga makachu kutoka ukutani mpaka baharini kwa mitindo isiyo na jina. Binti yako atataka. Atazame.

Ukiwa na mwenyeji mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar kwa saa mbili au tatu za asubuhi, pesa hiyo haipotei, hasa kwa njia zisizo na ngazi. Omba uone kitambulisho chake. Mapapasi wa bandarini, wale vijana wanaowinda wageni, watakuja wenyewe bila kuitwa. Salimia, kataa, tembea. Na mkiingia mtaani mabega na magoti yafunikwe, kanga ya mama inatosha watu wawili.

Kuna mambo mimi siwezi kuyajibu kwa maandishi. Mama aende kwa daktari wake wiki moja au mbili kabla, na amweleze hivi hivi: nitatembea sana, nitakula saa zisizo za kawaida, nitalala saa sita usiku. Saa za dawa au za insulini apange daktari, si wewe wala mimi, kwa sababu anayemeza dawa ya kushusha sukari kisha chakula kikachelewa ndiye anayeanguka. Akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka au kusema maneno yasiyoeleweka, hapo ndipo juisi ya miwa inapokuwa yake, mara moja, kisha hospitali. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, kila dereva anaijua. Mtoto akiharisha, mpeni ORS na maji kidogo kidogo. Ikiwa kuna damu, homa kali, au hakai na kitu tumboni, msisubiri boti ya asubuhi.

Na ukipiga simu kikundini ukaambiwa wiki hiyo mwimbaji anaumwa au wote wana harusi Pemba, ahirisha safari nzima wiki mbili. Majumba yatakuwepo, urojo utakuwepo, na kiingilio hakitapanda kwa wiki mbili.